The Blades wa Dublin kwenye santuri: singo kwanza, albamu baadaye

Mwenye haraka aanze na hukumu. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu cha The Blades, nunua Raytown Revisited, mkusanyo wa singo zao uliotolewa mwaka 1985. Ukiwa na fedha ya vitu viwili, cha pili kiwe singo ya "Downmarket" ya mwaka 1983. Albamu yao halisi, The Last Man in Europe, nayo ya 1985, ije ya tatu, na uinunue ukijua udhaifu wake. Mpangilio huu haulingani na mazoea ya wakusanyaji, ambao huiona albamu kuwa ndiyo kazi yenyewe na singo kuwa vionjo tu. Kwa bendi hii mambo yamekaa kinyume, na sababu zake zinasikika ukiweka sindano juu ya santuri.

Kwa asiyewajua: The Blades walitoka Ringsend, mtaa wa watu wa bandarini mashariki mwa Dublin, karibu na pale mto Liffey unapoingia baharini. Bendi ilianza mwaka 1977 ikiwa na watu watatu. Paul Cleary aliimba na kupiga besi, ndugu yake Lar alishika gitaa, na Pat Larkin akakaa kwenye drams. Muziki wao ni nyu wevu, lile wimbi lililokuja mara baada ya panki: nyimbo fupi, gitaa safi lisilo na mikwaruzo mingi, na kiitikio kinachoshika sikio mara ya kwanza. Kiangazi cha mwaka 1979 walipiga zamu ya wiki kadhaa pamoja na U2 katika baa ya Baggot Inn. Habari hiyo inatajwa katika kila makala inayowahusu, na mara nyingi ndiyo pekee inayotajwa, jambo ambalo haliwatendei haki. Hawakuwa U2 walioshindwa. Walikuwa wakifanya kitu kingine kabisa: wimbo wa dakika tatu unaosimulia maisha ya mtaa, katika njia ya The Jam na The Kinks, bendi za Uingereza, ukiwa na mguu mmoja ndani ya muziki wa soul wa Motown, lebo ya Marekani.

Tuanze na singo mbili za mwanzo, "Hot for You" ya 1980 na "Ghost of a Chance" ya 1981, zote chini ya Energy, lebo (kampuni ya santuri) ndogo ya Ireland. Hapa unasikia bendi ya watu watatu, na idadi hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Hakuna mpiga ridhimu wa kuziba mapengo. Gitaa likiondoka kwenye kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kwenda kupiga solo, kinachobaki kushikilia wimbo ni besi na drams, kwa hiyo besi haiwezi kukaa nyuma ikihesabu noti za chini tu. Cleary anaipiga kama mtu wa pili anayeimba. Kwenye beti, mdomo wake ukiwa na kazi, besi inatulia kwenye noti chache. Mstari ukiisha na sauti ikipumzika, besi inatembea na kuijaza nafasi. Ni akili, na ni lazima pia, kwa sababu kuimba melodi huku vidole vikipiga mwendo unaokwenda kinyume na maneno ni kazi ngumu, na waimbaji wengi wa besi hulimaliza tatizo hilo kwa namna hiyo hiyo.

"Hot for You" ni ya mbio, na kwa maoni yangu ni barua ya utambulisho zaidi kuliko wimbo mkubwa. Inakuonyesha nguvu ya bendi, lakini melodi yake inaisha ladha mapema. "Ghost of a Chance" ndiyo iliyowapa jina, na inastahili. Kijana anajua kwamba kwa yule anayemtaka hana nafasi hata ya kubahatisha, naye hajidanganyi wala hajilizi. Sauti ya Cleary hapa haipandi juu kutafuta huruma. Anaimba kama mtu anayetoa taarifa, na huzuni inaingia kupitia mabadiliko ya kodi chini ya maneno. Mtunzi wa kiwango kile alikuwa amefika akiwa na singo mbili tu dukani.

Usiipuuze mgongo wa singo hizi. Upande B wa ya kwanza una "The Reunion", wa ya pili una "Real Emotion", na hakuna hata mmoja uliowekwa ili kujaza santuri. Kwa mnunuzi wa vitu vilivyotumika hii ni habari ya kifedha. Singo ya miaka zaidi ya 40 huwa imechakaa zaidi upande wa A, kwa sababu ndio uliopigwa kila siku, na upande wa B huwa bado mzima. Ukikuta nakala ambayo muuzaji ameishusha bei kwa sababu upande A una mikwaruzo, huenda unanunua upande B ulio safi kwa bei ya takataka.

Hapa niseme kidogo kuhusu ukaguzi, maana ndipo watu wanapopoteza fedha. Kwanza tundu la katikati. Tundu la kawaida la santuri lina kipenyo cha milimita 7 na ushee. Singo nyingine zimetobolewa tundu kubwa la kama milimita 38, ili ziingie kwenye jukibox, ile mashine ya kulipia wimbo kwenye baa. Tundu kubwa halina ubaya kwa sauti, na adapta ya plastiki ya bei ndogo inatosha kulipunguza. Ubaya ni historia yake. Sindano ya jukibox hukandamiza kwa uzito mkubwa kuliko ya nyumbani, na nakala iliyoishi humo hupoteza kwanza sauti za juu: matoazi yanageuka mchanga, na herufi "s" kwenye uimbaji zinachanika. Kama tundu limetobolewa na kukwaruzwa pembeni kana kwamba limefanywa kwa kisu, na katikati yake haiko sawa, wimbo utayumba juu na chini kila mzunguko. Hilo halina dawa ya bei nafuu.

Pili, usiamini picha iliyopigwa mchana kwenye mwanga uliotawanyika. Omba picha ya santuri ikiwa chini ya taa moja kali, imeinamishwa. Mikwaruzo myembamba inayofuata mzunguko wa mifereji hupita kimya mara nyingi. Ile inayokata mifereji kwa upana ndiyo itakayopiga "tik, tik", na ukipitisha ukucha taratibu ukaushika, ujue sindano nayo itaushika. Tatu, soma lebo ya katikati na maandishi yaliyochongwa kwenye ukingo mtupu unaoizunguka lebo. Nyimbo hizi zilitoka kwanza Energy, halafu zikarudi kwenye mkusanyo wa Reekus, lebo yao ya baadaye. Santuri yenye jina la Reekus inayouzwa kama "toleo la kwanza la Ghost of a Chance" si toleo la kwanza, hata kama muuzaji ana uso wa upole.

Kuna sababu ya kiufundi ya kupendelea singo kuliko santuri ndefu kwa bendi ya aina hii, na inaeleweka kwa hesabu ndogo. Santuri ndefu inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Mwanzoni mwa upande, ukingoni, sindano inasafiri takriban sentimita 51 kila sekunde. Mwishoni, karibu na lebo, inasafiri kama sentimita 21 tu. Wimbo wa mwisho wa kila upande unabanwa kwenye chini ya nusu ya nafasi aliyopewa wa kwanza, na sauti za juu ndizo zinazoumia. Singo inazunguka mara 45: inaanza na kama sentimita 40 kwa sekunde na, hata ikifika ndani kabisa, inabaki karibu na 25. Kwa hiyo mwisho wa singo ni bora kuliko mwisho wa santuri ndefu. Ukiongeza kwamba wimbo wa dakika tatu peke yake upande mzima unaruhusu fundi kuchonga mifereji mipana na yenye sauti kubwa, utaelewa kwa nini besi ya Cleary ina kifua kwenye santuri ndogo kuliko popote pengine.

Mwaka 1982 bendi ilibadilika. Lar Cleary na Pat Larkin waliondoka. Paul akahamia gitaa, besi ikachukuliwa na Brian Foley, aliyewahi kuwa na The Vipers, kikundi kingine cha Dublin, na Jake Reilly akakaa kwenye drams. Lebo nayo ikawa Reekus, iliyoanzishwa na Elvera Butler, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiandaa maonyesho ya Downtown Kampus katika ukumbi wa Arcadia mjini Cork. Singo ya kwanza ya safu hii ni "The Bride Wore White", ikiwa na "Animation" mgongoni, halafu ikafuata "Revelations of Heartbreak" mwaka huo huo.

Mtu akikuuliza mabadiliko hayo yalifanya nini, mwambie asikilize chini, kwenye besi. Foley ni mpiga besi kamili asiye na mzigo wa kuimba, kwa hiyo besi haisubiri tena mstari uishe ndipo itembee, inakwenda mfululizo. Wimbo unapata mwendo wa kuchezeka, ule wa Motown, ambapo besi na drams ni gari moja. Kinachopotea ni ile hali ya sauti na besi kupokezana, kwa sababu hazitoki tena mwilini mwa mtu mmoja. "The Bride Wore White" inasimama vizuri kati ya pande hizo mbili: bado ni kavu kama singo za Energy, lakini miguu yake ni ya safu mpya. Ndiyo singo ya kumpa mtu asiyewajua kabisa. "Revelations of Heartbreak" ni nzuri na haihitaji maneno mengi. Inafanya kazi yake na kuondoka.

"Downmarket" ndiyo kilele. Ireland ya mwaka 1983 ilikuwa nchi ya watu kama milioni tatu na nusu, ukosefu wa ajira ukipanda kuelekea takriban asilimia 17 uliyofika katikati ya muongo, na vijana wakipanda meli kwenda kutafuta kazi Uingereza kama wazazi wao walivyofanya. Nyimbo nyingi za enzi ile zinazozungumzia hali hiyo zimezeeka, kwa sababu zilipiga kelele kwa mtu fulani aliyekuwa madarakani. Huu haukupiga kelele. Unamweka mtu asiye na kitu mahali pake, unaeleza anaona nini na hasubiri nini, halafu unampa melodi ambayo tajiri yeyote angeitamani. Vyombo vya kupuliza vinaingia bila sherehe. Msikilizaji aliyelelewa na dansi atautambua mtindo huo mara moja: tarumbeta na saksafoni hazipambi wimbo, zinamjibu mwimbaji, zinamalizia sentensi aliyoiacha. Mwendo ni wa wastani, wala haujakazwa, na hapo ndipo uchungu wake ulipo. Mtu aliyekata tamaa hakimbii.

Nakala ya "Downmarket" ni ya kununua hata kama wimbo wenyewe utakuwa umejirudia kwenye kitu kingine ulicho nacho, kwa sababu hii ndiyo kazi yao inayofaidika zaidi na mizunguko 45. Vyombo vya kupuliza ndivyo vinavyoitesa santuri: mawimbi yake yana kingo kali, na sindano iliyochoka au iliyokaa vibaya huyageuza kuwa mlio wa bati. Ukisikia tarumbeta ikivuma kama nyuki kwenye nakala iliyo safi kwa macho, usiilaumu santuri kwanza. Angalia uzito wa sindano. Katriji nyingi za nyumbani, yaani vile vichwa vinavyobeba sindano, hutaka kati ya gramu 1.5 na 2.5. Watu huupunguza kwa kudhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno huruka ndani ya mfereji na kuukwangua zaidi kuliko iliyotulia. Kipimo kidogo cha gramu kinamaliza ubishi huo.

Sasa albamu. Kampuni ya Marekani ya Elektra iliwasaini, kazi ikarekodiwa, kisha Elektra ikaachana nao kabla albamu haijatoka. Mwishowe The Last Man in Europe ikatolewa na Reekus mwaka 1985. Hesabu hapo: singo ya kwanza ni ya 1980, albamu ya kwanza ni ya 1985. Bendi ya nyu wevu ilihitaji kutoa albamu ndani ya mwaka mmoja au miwili, wakati nyimbo bado zina moto na magazeti bado yana hamu. Miaka mitano ni umri mzima. Soko la Ireland peke yake lilikuwa dogo mno kuibeba bendi yenye wapuliza tarumbeta wa kulipwa, na mlango wa kwenda nje ulipofungwa, hapakuwa na mpango wa pili. Na kejeli yenyewe ni hii: Raytown Revisited, mkusanyo wa kuangalia nyuma, ulitoka mwaka ule ule. Wakati watu wengine wanaisikia albamu yao ya kwanza, tayari walikuwa wanauziwa kumbukumbu.

Jina la albamu limetokana na lile ambalo George Orwell alilifikiria kwa kitabu chake kabla hajakiita 1984, na lina uzito wa kufaa. Utunzi hauna tatizo. "Sadlands" ni picha ya Ireland isiyopambwa kwa majani mabichi wala vinubi, na ni miongoni mwa nyimbo bora alizoandika Cleary. "Got Soul" inaonyesha alichotaka kukifikia: bendi kubwa, ya kuchezeka, yenye kifua. Tatizo ni uzalishaji. Kila kitu kimepigwa pasi. Sauti ya mwimbaji na vyombo vya kupuliza vinaishi karibu eneo moja la masikio, kwenye masafa ya kati, na vikipewa ukubwa sawa kwa wakati mmoja kila kimoja humfunika mwenzake. Kwenye "Downmarket" ya singo tarumbeta inasubiri zamu yake. Kwenye albamu, mara kadhaa, inazungumza wakati Cleary naye anazungumza, na maneno, ambayo ndiyo mali ya bendi hii, yanasogea nyuma. Ukitaka kuthibitisha, punguza sauti ya spika hadi kiwango cha mazungumzo ya chumbani. Singo za Energy bado utazifuata neno kwa neno. Albamu utaanza kubahatisha.

Halafu inaongezeka ile hesabu ya sentimita 21. Nyimbo zilizo mwishoni mwa kila upande, zenye vyombo vya kupuliza, ni mtihani kwa pleya yoyote ya bei nafuu. Hapa kuna mambo matatu yanayosaidia kweli. Tumia sindano yenye ncha ya umbo la yai badala ya ile ya duara, kwa kuwa inaingia vizuri kwenye mifereji iliyobanwa. Panga katriji kwa karatasi ya vipimo, maana upotofu wa nyuzi chache usiousikia mwanzoni mwa santuri utausikia mwishoni. Na santuri iwe safi, kwa sababu uchafu hukusanywa na sindano njiani na kufika mwisho wa upande ukiwa umekuwa kishungi kizima.

Kuisafisha si kazi ya ajabu. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa mvuke wake, yale ya betri yasiyo na asidi au ya famasi, weka matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na marashi. Ipanguse mara mbili tatu kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mifereji, kamwe usikate kwa upana. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni, kwa sababu sabuni iliyobaki hukauka na kuwa gundi, na hapo ndipo watu hudai kwamba kuosha kumeongeza kelele. Lebo ya katikati isilowe. Ikaushe ikiwa imesimama, nusu saa au zaidi, na usiirudishe kwenye karatasi lake la zamani: weka mfuko mpya wa ndani. Spiriti inaweza kuongezwa kidogo kwa santuri za vinili zenye mafuta ya vidole, isizidi robo ya mchanganyiko. Lakini kama ndani ya kabati hiyo hiyo mna santuri nzito za mizunguko 78 za wazee, zile za enzi za Siti binti Saad, spiriti isiziguse kabisa. Zile zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha.

Narudi kwenye Raytown Revisited, kwa kuwa ndiyo niliyoiweka ya kwanza. Raytown ni jina la utani la Ringsend, na linatokana na taa, yule samaki bapa aliyekuwa akivuliwa na kuliwa sana pale. Hapa nyimbo za singo zimekusanywa na kupangwa, za safu ya watu watatu na za safu ya Foley na Reilly, na kwa mara ya kwanza unaweza kusikia njia yote bila kunyanyuka kila baada ya dakika tatu. Udhaifu wake ni ule wa santuri ndefu yoyote: ukubwa wa sauti umeshushwa kidogo ukilinganisha na singo. Hilo linatibika kwa kugeuza kitasa cha sauti. Kuchanganya rekodi za nyakati tofauti nako kunasikika, besi inabadilika rangi kutoka wimbo hadi wimbo, ila hilo ndilo linalofundisha. Kabla hujaanza kununua singo moja moja, soma orodha ya nyimbo nyuma ya jalada la mkusanyo na uilinganishe, usije ukalipia wimbo mmoja mara tatu bila kukusudia.

Ukiagiza kwa posta, mwambie muuzaji aitoe santuri ndani ya jalada na kuiweka nyuma yake, vyote kwenye mfuko mmoja. Ikisafiri ikiwa ndani, kila mtikisiko unaisukuma kwenye mshono wa juu, na jalada linafika limepasuka. Kwa singo, kadibodi ngumu pande zote mbili, mistari yake ikipishana, inatosha. Kifurushi kikifika kimepata jua, kiache kipoe kabla hujakifungua. Vinili yenye joto hupinda kwa uzito wake yenyewe.

Wanaosikiliza kwa simu au CD wana njia fupi zaidi, maana albamu na mkusanyo vyote viliwahi kurudishwa kwenye CD. Kwenye intaneti, tatizo ni jina. Ukiandika "Blades" peke yake utapelekwa kwa Rubén Blades, mwimbaji wa salsa wa Panama, ambaye ni mzuri lakini siye. Andika jina la wimbo pamoja na la bendi, na uthibitishe kwamba mtunzi ni Paul Cleary. Usifuate mpangilio wa "nyimbo zinazopendwa" ambao programu inakupa, kwa sababu unachanganya safu mbili ambazo ni kama bendi mbili. Sikiliza kwa mwaka: 1980, 1981, mbili za 1982, 1983, halafu albamu. Chini ya saa moja na robo umemaliza kazi yao yote ya maana.

Bendi ilivunjika mwaka 1986. Cleary alitoa albamu ya peke yake, Crooked Town, mwaka 2001, na The Blades wakarudi jukwaani katika ukumbi wa Olympia, Dublin, Desemba 2013. Baadaye ikaja albamu mpya, Modernised, miaka kama 30 baada ya ile ya kwanza. Modernised ina uzalishaji ulio wazi zaidi kuliko The Last Man in Europe, maneno yanasikika yote, na sauti ya Cleary imepungua kimo bila kupungua ukweli. Ni ya kununua baada ya hizo tatu. Crooked Town inunue ukiikuta kwa bei ya CD ya mitumba, na usiitafute kwa gharama za posta.